Sura ya Tisa: Sungura Ajuza na Kisu cha Daktari

Sungura wengi wanaozaliwa Nairobi hawafikishi mwaka. Wa nyama huchinjwa wakiwa na miezi minne au mitano. Jike wa kuzalisha huachwa miaka miwili, pengine mitatu, na akianza kuzaa wachache naye huenda sufuriani. Kwa hiyo ukimuuliza mfugaji wa miaka mingi kule Ruai au Njiru kama amewahi kuona sungura jike mwenye saratani ya kizazi, atakuangalia kana kwamba umemuuliza habari za samaki aliyekufa maji. Hajaona, na hasemi uongo. Sungura wake hawaishi muda wa kutosha kuupata ugonjwa huo.

Sura hii inamhusu yule aliyesazwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Kenya ilishikwa na hamasa ya sungura. Serikali ilihimiza, kituo chake cha Ngong kikatoa mbegu, magazeti yakaandika habari za mkojo wa sungura unaouzwa kama mbolea na dawa ya wadudu, na watu wa Eastlands wasio na hata futi moja ya shamba wakagundua kwamba vizimba vinne vya mbao na waya vinaenea kwenye veranda au juu ya paa la gorofa. New Zealand White, California White, Chinchilla, Flemish Giant, yote yakawa majina ya kutajwa kwa kawaida kwenye maduka ya agroveti. Biashara ya kuuziana mbegu ilikimbia kuliko soko la nyama lenyewe, na wengi walifunga vizimba wakarudi kwa kuku.

Lakini sungura alikuwa ameshaingia nyumbani. Leo katika nyumba za Buruburu, gorofa za Umoja na Pipeline, Donholm na Komarock, utamkuta mmoja, peke yake, mwenye jina, aliyenunuliwa kwa sababu mtoto alilia au kwa sababu shule ilitaka mradi. Mtoto huyo sasa yuko bweni, kidato cha tatu. Sungura yuko pale pale karibu na sinki, ana miaka mitano, na anayemlisha ni mama.

Mama huyu akitamka kwamba anafikiria kumpeleka sungura akatolewe kizazi, ploti nzima itakuwa na neno. "Mama Brayo, pesa hizo si ungenunua sungura kumi?" Jirani haulizi kwa ubaya. Kwa hesabu ya nyama yuko sawa kabisa na hakuna haja ya kubishana naye. Kwa hesabu ya Mama Brayo, huyu ni mnyama wa nyumbani mwenye miaka mitano ambaye akitunzwa vizuri anaweza kufika minane, hata kumi, na swali ni kama kizazi chake kitamruhusu.

Kizazi cha sungura si kama cha mbwa. Ni mirija miwili iliyotengana kabisa, kila mmoja na mlango wake, inayofungukia kwenye uke mmoja. Yai halitoki kwa ratiba. Hutoka jike anapopandwa, na ndiyo maana mwili wake hukaa tayari kwa mimba sehemu kubwa ya mwaka. Miaka inavyokwenda, utando wa ndani wa mirija hiyo huanza kunenepa, huota vinyama, hujaa maji au damu, na kwa majike wengi hatimaye hufanya saratani. Mtu akikuambia kwamba sungura wako yuko salama kwa sababu aliwahi kuzaa, au kwa sababu hakuwahi kuzaa, usimsikilize. Kinachohesabiwa ni umri.

Tumeyajuaje haya, ikiwa wafugaji hawayaoni? Kwa njia ya kifua kikuu, kwa sehemu kubwa. Katika Taasisi ya Phipps mjini Philadelphia, Marekani, mtafiti Max Lurie alifuga familia za sungura kwa miaka mingi akichunguza kwa nini baadhi yao huhimili kifua kikuu na wengine hufa upesi. Majike wake hawakuchinjwa mapema, basi wakazeekea mbele ya watu wenye darubini, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakachapisha historia ya saratani ya kizazi katika kundi hilo. Kabla yao, kuanzia 1938, Harry Greene wa Taasisi ya Rockefeller alikuwa ameandika makala kadhaa kuhusu uvimbe huo huo. Tarakimu zinazonukuliwa hadi leo zinatokana na makundi ya aina hii: kwa majike wa miaka miwili hadi mitatu, kama asilimia 4, kwa wa miaka mitano hadi sita, karibu asilimia 80.

Hiyo 80 imewatia watu hofu kupita kiasi. Sungura wa Phipps walikuwa familia zilizozalishwa kwa karibu, ndugu kwa ndugu, na ugonjwa wa damu moja huzidi katika hali hiyo. Wa Umoja ni machotara wa machotara. Nisingemwambia mtu kwamba sungura wake ana nafasi nne kati ya tano za kuwa na saratani. Ninachoweza kumwambia bila kusita ni kwamba hakuna uvimbe unaowapata sungura jike mara nyingi kuliko huu, na kwamba kila mwaka unaopita baada ya wa tatu unaongeza hatari.

Mara nyingi habari ya kwanza huandikwa sakafuni. Mama Brayo anapiga deki asubuhi, anakuta doa jekundu kwenye vigae kando ya beseni la sungura. Hapa watu wawili hukosea kwa njia mbili. Mmoja anakimbia akilia. Mwingine anafuta na kusahau. Ukweli ni kwamba mkojo wa sungura unaweza kuwa wa rangi ya chungwa, ya kutu, hata mwekundu mbivu, bila tone la damu ndani yake, kwa sababu ya rangi zinazotokana na majani anayokula. Mwingine huwa mweupe na mzito kama uji, na hiyo ni kalsiamu inayotoka, maana sungura hutoa kalsiamu ya ziada kwa mkojo. Mkojo uliopakwa rangi na majani huwa sawasawa kote. Damu ya kizazi ina tabia nyingine: mkojo huanza safi, kisha mwishoni hufuata michirizi au mabonge madogo ya damu, na doa likikauka linabaki na ukingo wa kahawia. Tandika kitambaa cheupe au karatasi ya shashi usiku mmoja uone. Ukitaka uhakika zaidi, vile vijiti vya kupimia mkojo vilivyo katika kila maabara ndogo ya mtaani hubadilika rangi kwa damu ya sungura kama ya mtu. Chota mkojo kwa sirinji, mpelekee daktari wa mifugo achovye.

Dalili nyingine ni za taratibu. Chuchu huvimba bila mimba. Anajinyonyoa manyoya ya kifuani na kutengeneza kiota kisicho na mtoto, tena na tena. Anakuwa mkali kwa mtu aliyekuwa akimpapasa. Anapungua uzito huku tumbo likibaki duara. Au hakuna dalili yoyote, na hilo ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu mwenye sungura anayekula sukuma wiki vizuri na kurukaruka sebuleni haoni sababu ya kumpeleka kisuni.

Basi tuingie penye uzito wa jambo. Watafiti wa Uingereza, wakiongozwa na David Brodbelt, walifuatilia wanyama waliopewa nusukaputi katika kliniki zaidi ya mia moja kati ya 2002 na 2004, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Katika mbwa, waliokufa kwa sababu ya dawa ya usingizi walikuwa asilimia 0.17. Paka, 0.24. Sungura, 1.39. Kwa hiyo ndiyo, sungura hufa kwa nusukaputi mara nyingi zaidi kuliko mbwa, mara nane hivi, na daktari anayekuambia hakuna hatari anakuuzia. Lakini tarakimu hiyo ya sungura igawe katika makundi mawili. Walioingia wakiwa wazima, waliokufa ni asilimia 0.73. Walioingia wakiwa wagonjwa, 7.37.

Tofauti hiyo ndiyo hoja yangu katika sura hii nzima. Watu hufikiri wanachagua kati ya upasuaji na usalama. Wanachochagua hasa ni kumpasua leo akiwa mzima au kumpasua baadaye akiwa anavuja damu, amepungukiwa, na pengine saratani imeshaingia mapafuni. Anayesema "tungoje tuone" amefanya uamuzi tayari, ila hajauhesabia gharama yake.

Sasa, kliniki hizo zilikuwa za Uingereza. Nairobi ina madaktari wa mifugo wazuri sana, lakini wengi wanaoona wanyama wa nyumbani huona mbwa na paka kutwa nzima, na sungura kwao ni mgeni. Shamba ndilo lililofundisha nchi hii habari za sungura, na shambani sungura mgonjwa hatibiwi kwa kupasuliwa. Kwa hiyo kwangu mimi, miaka ya sungura inakuja ya pili. La kwanza ni mkono utakaoshika kisu.

Kwanza awe daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, ambayo sheria ya mwaka 2011 iliipa kazi ya kuwasajili na kuwatenganisha madaktari na wasaidizi wao. Kijana wa agroveti anaweza kukuuzia dawa ya ukurutu wa masikio, na huenda anaijua vizuri. Kupasua tumbo si kazi yake. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Upper Kabete na kina kliniki ya wanyama wadogo. Kuna pia kliniki za watu binafsi. Popote uendapo, uliza amewapasua sungura jike wangapi, na akikuambia bado, mshukuru kwa ukweli wake, umwombe akuelekeze kwa mwenzake.

Kisha uliza swali moja dogo ambalo nimeliona likifanya kazi kuliko maswali kumi makubwa.

"Daktari, usiku wa kuamkia siku hiyo nimnyime chakula kuanzia saa ngapi?"

Akijibu, "Mama, usimnyime, aendelee kula nyasi mpaka mnapotoka nyumbani, na umletee chakula anachokipenda," kaa kitako, mnaelewana. Akisema alale na njaa kama mbwa, mchukue sungura wako mrudi nyumbani. Sungura hawezi kutapika, maumbile hayamruhusu. Kumnyima chakula hakumkingi na lolote, na kunasimamisha utumbo ambao kwa mnyama huyu haufai kusimama hata siku moja.

Lingine la kuuliza ni dawa. Antibiotiki ambazo mbwa humeza bila shida, kama amoksisilini na jamii yote ya penisilini ya kumeza, na pia klindamisini, huua bakteria wema wa utumbo wa sungura na zinaweza kumuua ndani ya siku chache. Daktari anayejua sungura atataja enrofloksasini au dawa ya salfa bila kufikiri sana. Na dawa ya maumivu je? Aipate kabla hajaamka, na nyingine, mara nyingi meloksikamu ya maji, mwende nayo nyumbani. Sungura mwenye maumivu hali, asiyekula utumbo husimama, na utumbo uliosimama huua mgonjwa ambaye kisu kilimwacha hai.

Kabla ya yote hayo, apimwe. Daktari atambonyeza tumbo taratibu kwa vidole, juu ya kibofu, akitafuta mirija ambayo kwa kawaida ni laini na haishikiki. Ikiwa imeanza kuota vinyama, huhisi kitu kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Atatazama meno ya nyuma, atapima damu kuona figo, na kwa jike aliyepita miaka minne ningesisitiza picha ya eksirei ya kifua. Saratani hii husafiri kwa damu hadi kwenye mapafu. Picha ikionyesha madoa mapafuni, mjadala wa kisu umekwisha na kazi inayobaki ni kumwondolea maumivu. Picha ikiwa safi, hata jike ambaye kizazi chake tayari kina uvimbe anaweza kupona kabisa akitolewa, kwa sababu ugonjwa huu kwa kawaida huchukua mwaka, hata zaidi, kabla ya kutoka nje ya kizazi.

Upasuaji wa ajuza una ugumu wake, na ni haki mwenye mnyama aujue. Sungura huhifadhi mafuta mengi kwenye utando unaoshikilia kizazi. Kwa jike wa miezi sita mishipa ya damu huonekana wazi; kwa wa miaka mitano aliyelishwa mkate na biskuti za watoto, imezama ndani ya mafuta yanayomeguka mkononi. Daktari huenda polepole. Matumbo hayaguswi ovyo, maana sungura hufanya makovu ya kunatana ndani kwa urahisi. Kwa jike mdogo baadhi ya madaktari hutoa ovari tu; kwa huyu, kizazi chote kitoke pamoja na ovari. Mishono hufichwa chini ya ngozi, kwa sababu uzi wa nje ataukata kwa meno kabla ya jioni. Mwenye sungura mnene aliyeambiwa arudi baada ya miezi miwili ya nyasi tupu asidhani amefukuzwa. Huo ni mwanzo wa upasuaji.

Kwa umri, hukumu yangu ni hii. Jike wa miaka mitatu au minne aliye mzima, akipatikana daktari wa kumwelewa, ningempeleka bila kulala nikiwaza. Wa mitano na sita ningempeleka vipimo vikiwa safi, na moyo ukinidunda. Akishafika saba, hasa akiwa wa mbegu kubwa kama Flemish Giant ambao huzeeka mapema, singempasua kwa kinga. Ningengoja damu ionekane au uvimbe ushikike, na hapo ningeamua upya. Na kama sababu pekee ni kwamba anauma watu na kuchimba zulia, jike wa umri huu asipelekwe kisuni kwa hilo peke yake.

Kutoka Eastlands hadi Kabete ni kuvuka jiji zima. Matatu ya muziki ya saa moja asubuhi kwenye Jogoo Road si mahali pa mnyama ambaye moyo wake unapiga zaidi ya mara mia mbili kwa dakika akiwa ametulia. Kodi teksi siku hiyo, hata kama ni kwa kuchangiwa. Katoni imara yenye matundu, taulo chini, nyasi kavu za boma rhodes ndani, na mfuko wa majani anayoyajua, kwa sababu akiamka kwenye harufu ngeni, dhania ya nyumbani ndiyo itakayomshawishi kula.

Usiku wa kwanza ndio usiku wa kazi. Mwezi wa saba Nairobi ni baridi, na sungura aliyetoka kwenye nusukaputi hupoteza joto upesi. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye leso, iwekwe kando yake na si chini yake, inatosha hata stima ikipotea. Atandikiwe taulo. Asirudishwe kwenye kizimba cha waya wala asipande kochi. Akijikunyata, macho nusu, akisaga meno kwa sauti, hayo ni maumivu. Mpigie daktari usiku huo huo. Hesabu mavi yake. Yasipoonekana ndani ya saa kumi na mbili, au akikataa kula mpaka asubuhi, loweka chakula chake cha punje kwenye maji ya vuguvugu, kisage, kichuje, umpe kwa sirinji isiyo na sindano pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo akitafuna. Kwa siku nzima huhitaji kama mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake, zikigawanywa mara nne. Usimlaze chali. Na usimpe yote mara moja ukidhani unamhurumia.

Wapo ambao hawatampeleka. Pesa haipo, au daktari wa sungura hajapatikana, au vipimo vimekataa. Hao wasiambiwe kwamba hawampendi mnyama wao. Wampime uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni na kuandika, watandike kitambaa cheupe mara moja kwa mwezi, na kila miezi sita wampeleke kwa daktari abonyeze tumbo, ikiwezekana kwa altrasaundi. Sungura wa kilo tatu akipungua gramu mia tatu amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, ingawa kwa macho utamwona yule yule.

Kwa aliyepasuliwa, kuna jambo moja la mwisho kabla hujalipa. Mwambie daktari asitupe kizazi. Kipasuliwe, kitazamwe, na penye uvimbe kipande kipelekwe kwa wataalamu wa patholojia, ambao wapo Kabete pale pale. Utajua kama ulichotoa ni saratani au utando ulionenepa tu, na daktari atajua afuatilie mapafu kwa miezi mingapi. Naye aliyefia nyumbani bila kujulikana sababu anaweza kupelekwa huko huko akafanyiwe uchunguzi. Majike wenye miaka sita hawapiti mara nyingi kwenye meza zile, na daktari kijana atakayemwona mmoja amefunguliwa leo ndiye atakayeulizwa na Mama Brayo mwingine, kutoka Tena au Kariobangi, kama amewahi kuona ugonjwa huu.